Hukuwaza ao nakuwaza? Ugomvi wetu juu ya wimbo wa Malaika

Kuna nyimbo ambazo kila mtu anazijua, lakini watu wawili hawaziimbi sawa. Malaika ni mojawapo. Ukiupiga kwenye simu hapa Kalerwe, pembeni ya soko, mama wa Kiganda anayeuza nyanya ataufuata, Mkongomani wa Bukavu ataufuata, Mrundi ataufuata, na wote watafika mwisho pamoja. Ila simamisha wimbo katikati na umuulize kila mmoja, "Hapo umesema neno gani?" Hapo ndipo vita vinaanza.

Mimi nafanya kazi na vijana. Kikundi chetu kilifanya mazoezi ya wimbo huu kwa wiki nyingi, na bila kutia chumvi naweza kusema tulitumia muda mwingi kugombana juu ya maneno kuliko kuimba. Watu wazima wanaona ugomvi wa namna hii ni mambo ya kitoto. Mimi naona sivyo. Ndani yake kuna swali ambalo mkimbizi anakutana nalo kila siku: nani ana ruhusa ya kumwambia mwenzake kwamba hajui lugha?

Tuanze na wenye wimbo, maana wengi wanadhani ukimpata mwenyewe, kesi imekwisha. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na kundi la Jambo Boys karibu na mwaka 1960, na kwa sauti yake watu wengi wa Afrika Mashariki waliujua. Lakini Adam Salim wa Tanzania alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga, miaka ya 1940 huko. Wengine wa Kenya wakamtaja Grant Charo. Fadhili alifariki mwaka 2001 na ubishi ukabaki. Kwa hiyo hata huko juu kabisa, kwa wenye wimbo, hakuna daftari moja ambalo tunaweza kulifungua na kusema, haya, maneno ya kweli ni haya.

Halafu wimbo ukasafiri. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, albamu ambayo ilipata tuzo ya Grammy. Boney M wakautoa mwaka 1981. Angélique Kidjo akauweka katika albamu yake ya Logozo mwaka 1991. Sasa angalia: Makeba ni wa Afrika Kusini. Boney M ni kundi lililoundwa Ujerumani, waimbaji wake wametoka visiwa vya Karibi. Kidjo ni wa Benin. Hakuna hata mmoja aliyekua na Kiswahili mdomoni. Dunia nzima imeufahamu wimbo wetu kupitia midomo iliyoujifunza kwa sikio. Siyo aibu hiyo, ni kazi kubwa. Ila kijana akikuambia, "Mimi nimesikia kwa Makeba mwenyewe," bado hajashinda kesi.

Vita vya kwanza katika kikundi chetu vilikuwa pale ambapo mwimbaji anamwita mpenzi wake ndege mdogo, halafu anataja habari ya kuwaza. Karatasi nyingine zimeandika "hukuwaza". Nyingine zimeandika "nakuwaza". Ni herufi mbili tu za mwanzo zinazotofautiana, na katika kuimba herufi za mwanzo ndizo zinazomezwa kwanza, zaidi sana h, ambayo ni pumzi tu.

Sasa neno hilo "hukuwaza" kwa Kiswahili cha pwani lina njia mbili. Njia ya kwanza ni hu ya mazoea, kama mtu anavyosema "hulala mapema" ao "huja kila Jumapili". Hapo maana yake ni kwamba mtu anakuwaza siku zote, haachi. Njia ya pili ni hu ya kukataa, kama "hukuja" ao "hukuniambia". Hapo maana yake ni kwamba wewe hukufikiri. Herufi ni zile zile, sauti ni ile ile. Katika njia ya kwanza mvulana anabembeleza. Katika njia ya pili analaumu.

Sisi wa Kivu hu ya mazoea hatuna katika maongezi yetu. Mazoea tunayaweka mwisho wa neno: "ninakuwazaka", "anakuyaka", "tunakulaka". Na kukataa kwetu mara nyingi ni "haukuya", "haukuwaza". Kwa hiyo kijana wa Uvira akisikia "hukuwaza" anatafuta kichwani mahali pa kuiweka, na anakuta ile ya kukataa ndiyo iko karibu. Mmoja wetu alisema hivi: "Huyu binti hakumuwaza hata kidogo, njo maana analia." Na akaimba kwa hasira, tena vizuri kweli. Mwenzake aliyekulia Nyarugusu, kule Tanzania, akamkatiza: "Kaka, unaharibu. Huyu anambembeleza, hamgombezi."

Nani ana haki? Mimi nasimama na yule wa Nyarugusu, ila siyo kwa sababu amesoma Tanzania. Nasimama naye kwa sababu ya wimbo wenyewe. Ukiusikiliza toka mwanzo hadi mwisho, huyu mvulana hamlaumu binti mahali popote. Anaulaumu mfuko wake. Hana pesa, hiyo ndiyo kesi yake yote. Ukiweka lawama katikati, unaleta mtu mwingine ambaye hakuwemo. Ndiyo maana nasema tusikimbilie kamusi kwanza, tukimbilie wimbo. Kamusi inakupa maana zote, wimbo unakuchagulia moja. Hata neno malaika lenyewe, ukifungua kamusi, lina maana ya pili: vile vinyweleo laini vya mwilini. Sijawahi kukutana na mtu aliyedhani kwamba Fadhili William anaimbia nywele za mkono.

Wengine walisema basi tuimbe "nakuwaza", tumalize maneno. Ni salama, kila mtu anaelewa. Lakini mimi naona tunapoteza kitu. "Nakuwaza" ni sasa hivi. "Hukuwaza" ni kila siku, jana na kesho. Mtu asiye na pesa hana cha kumpa mpenzi wake zaidi ya hiyo kila siku. Ajabu ni kwamba "ninakuwazaka" yetu inabeba maana ile ile kabisa, ila ina silabi sita na muziki umeacha nafasi ya nne. Tulijaribu. Mpiga gitaa alikataa.

Vita vya pili vilikuwa vya sauti. Kijana mmoja Mrundi alikuwa anaimba "marayika", kwa r. Wenzake wakacheka mpaka mazoezi yakasimama. Nilipouliza nani amecheka zaidi, nikakuta ni Mkongomani ambaye yeye mwenyewe anasema "mutu" na "mulango" toka asubuhi mpaka jioni.

Tulipokaa chini tukaona mambo haya. Kwa Kirundi na Kinyarwanda neno lenyewe ni marayika, ndivyo watoto wanavyolijua kanisani na nyumbani. Kwa Kiganda ni malayika. Na hawa majirani zetu Waganda wana sheria yao: baada ya e na i wanaweka r, mahali pengine wanaweka l. Siyo uvivu wa ulimi, ni sheria, na inafuatwa. Tazama jina la mtaa tunaoishi. Kalerwe: baada ya a ni l, baada ya e ni r. Kila mara dereva wa taksi anapoita "Kalerwe, Kalerwe!" anatufundisha bila kutoza ada.

Na hao wa pwani ambao tunawaona ndio wenye lugha, wao nao wamelipata wapi neno hili? Kwa Kiarabu. Na kwa Kiarabu malaika ni wengi. Mmoja anaitwa malak. Yaani wazee wa pwani walichukua neno la wengi wakalifanya la mmoja. Mwarabu angeweza kuwacheka. Leo hakuna anayecheka, kwa sababu waliosema hivyo ni wengi na wamesema kwa miaka mingi. Basi "marayika" ya huyu kijana si kosa la kuimba. Ni neno lile lile limevaa nguo za Bujumbura. Maana haikuguswa, binti ni yule yule, mvulana bado hana pesa. Hapo mimi nasema: acheni mdomo wa mtu.

Siyo kila kitu cha sikio nakitetea. Kuna mahali katika wimbo ambapo wengine wanaimba "mali" na wengine wanamtaja malaika mwenyewe. Kijana wetu mwingine alisikia Mary. Aliamini kwa miaka kwamba binti anaitwa Mary, tena alikuwa na picha yake kichwani. Wenye Kiingereza wana jina la kusikia namna hiyo, mondegreen. Lilitungwa na Mmarekani Sylvia Wright mwaka 1954, kwa sababu utotoni, katika shairi la zamani la Scotland, alisikia jina la bibi fulani ambaye hayumo kabisa. Mary wetu na bibi wa Sylvia ni ndugu. Tulicheka wote pamoja, na mwenyewe akacheka. Lakini tulimrekebisha, kwa sababu ukiweka Mary unaondoa mali, na ukiondoa mali umeng'oa nguzo ya nyumba.

Vita vya tatu ndivyo vilivyonifundisha zaidi. Kwa Kiswahili mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Katika wimbo huu kuna neno "ningekuoa", na hilo ni neno la mwanaume. Makeba aliliimba hivyo hivyo. Kidjo pia. Wote wawili wanawake, na hawakuligeuza. Dada mmoja wa kikundi chetu, ambaye ana sauti kuliko sisi wote, alisema: "Mimi siimbi ningekuoa. Nitaimba ungenioa." Wavulana wakapiga kelele, eti anaharibu wimbo wa watu.

Mimi niliomba tuhesabu silabi. Ningekuoa, tano. Ungenioa, tano. Muziki haukukataa. Lakini tulipoendelea mbele, tukaona neno moja linavuta jingine. Kama ni yeye anayeolewa, basi asiye na mali siyo yeye tena, ni mvulana. Kwa hiyo "sina" inabidi iwe "huna". Na mara tu alipoimba "huna", chumba kizima kilinyamaza. Wimbo wa mvulana anayejililia ukawa wimbo wa binti anayemtazama mvulana maskini na kumwambia ukweli kwa upendo. Hapa Kampala kuna vijana wangapi wa kwetu ambao wana wachumba na familia ya binti imetaja mahari, na kijana anabeba magunia sokoni kwa pesa ya kula siku moja? Wale wavulana waliokuwa wanapiga kelele waliinamisha macho. Walijua nani anaambiwa.

Je, hilo lilikuwa kosa la maneno? Mimi nasema hapana, ila pia siyo Malaika ile ile. Ni jibu la Malaika. Dada alijua anachogeuza na kwa nini, akafuata mabadiliko yake mpaka mwisho, hakuacha neno moja likiwa limeelekea huku na jingine kule. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kugeuza na kuharibu. Anayeharibu hajui alichogusa.

Kwa kipimo hicho hicho, wacha niseme kidogo juu ya rekodi. Ile ya Makeba na Belafonte inakwenda pole pole, na kwa sikio langu kila neno limepewa kiti chake. Mtu anasikia kwamba wanaheshimu lugha isiyo yao. Boney M ni tamu, inachezeka, lakini umaskini wa mwimbaji umepotea. Pesa inatajwa kama jina la ua. Sizungumzii matamshi yao. Mtu anaweza kutamka kila herufi sawa na bado asiseme kitu. Ya Fadhili ndiyo ninayoirudia, kwa sababu ni sauti ya kijana ambaye kweli unaamini hana kitu mfukoni.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na siku hizi watu wanaifanyia sherehe. Shirika moja lilitualika kuimba siku hiyo. Wakaomba maneno ya wimbo kwenye karatasi, pamoja na tafsiri ya Kiingereza kwa wageni. Ni ombi zuri. Lakini walitaka maneno "sahihi", ya aina moja, na kabla hatujawapa yetu, mfanyakazi wao alikuwa amekwisha kuchukua karatasi kwenye intaneti na kuichapisha. Siku ya mazoezi ya mwisho alisimama na karatasi mkononi akawa anarekebisha watu mbele ya wenzao. Alipofika kwa yule Mrundi, akamwambia arudie neno lile mara tatu. Hakuwa mtu mbaya. Alifikiri anasaidia. Siku ya sherehe yule kijana alifungua mdomo tu, sauti haikutoka. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nilijua.

Ndugu zangu wa mashirika, naomba mnielewe. Karatasi ikishachapishwa inaonekana kama sheria, na mwenye karatasi anaonekana kama mwalimu, hata kama yeye mwenyewe Kiswahili chake ni cha miezi sita. Na jambo hili halibaki kwenye nyimbo. Sisi wa Kongo tukisema "juu ya", mara nyingi tunamaanisha "kwa sababu ya". Mama akisema, "Nilikimbia juu ya nyumba," anaeleza kwamba nyumba ndiyo iliyoleta matatizo, labda waliitaka. Mtafsiri aliyezoea Kiswahili kingine anaweza kusikia kwamba mama alikimbia juu ya paa. Ni maneno matatu tu, na mama yule anaweza kuonekana mwongo katika faili ambalo yeye mwenyewe hatalisoma. Aliyezoea kuuliza "hapo umesema neno gani, na kwenu lina maana gani?" katika wimbo, atauliza pia katika mahojiano. Aliyezoea kurekebisha tu, atarekebisha.

Kwa hiyo kikundi chetu kimekubaliana namna ya kufanya, nami naipendekeza kwa wengine. Neno likitofautiana kwa sauti tu na hadithi ikabaki imesimama, kila mtu aimbe kwa mdomo wake: marayika, malayika, malaika, hata "sente" ya Kampala mahali pa pesa, mradi silabi zitoshe. Neno likigeuza nani anafanya nini, kama lile la hukuwaza, tunakaa chini, tunasikiliza wimbo wote, tunachagua njia moja, na kila mmoja anajua kwa nini. Mtu akitaka kugeuza kwa kusudi, kama dada yetu, ageuze mpaka mwisho, na mwanzoni atuambie kwamba hili ni jibu lake. Na kwenye karatasi tunaandika maneno yote mawili moja chini ya jingine, na pembeni tunaandika: hivi wanaimba wa Nyarugusu, hivi wanaimba wa Uvira. Karatasi inakuwa ndefu kidogo. Mgeni atasoma.

Wavulana wengine bado hawakubali hilo la dada, wanasema wimbo wa wazee usiguswe. Nawaheshimu. Lakini wazee wenyewe hawajakubaliana nani aliutunga, sasa sisi tutamwomba nani ruhusa?

Yule Mrundi amerudi mazoezini wiki mbili zilizopita. Anaimba sauti ya chini, na neno lake analisema anavyolijua. Tuko sasa kwenye nyimbo nyingine, na ugomvi mpya umekwisha kuanza. Nyinyi wa Nakivale, Kyaka, Rwamwanja na Kyangwali, kama kwenu Malaika inaimbwa kwa neno ambalo sikulitaja hapa, liandikeni, mseme ni la nani na lilitoka wapi, mtume kwa wahariri wa jarida. Tunataka kuyaweka yote katika daftari moja kabla ya mwaka kuisha.